UZI: Dakika 17 usiku wa Alhamisi. Nisaidieni kupanga upya ulinzi wa nyumba (Utawala, Nairobi)

MamaPacha
Jumapili, saa 3:10 usiku

Habari zenu wapendwa. Tangu Alhamisi sijapata usingizi wa maana. Tumeingiliwa na wezi. Mimi, watoto wangu pacha na mdogo wangu wa kike tuko salama, namshukuru Mungu. Mume wangu ni dereva wa lori, usiku ule alikuwa Malaba.

Nitaeleza ilivyokuwa, halafu mnishauri, maana pesa niliyo nayo ni kidogo na sitaki kuimwaga pasipofaa.

Ploti yetu ni ya futi 50 kwa 100. Nyuma yetu kuna ploti tupu yenye majani marefu, na kuna jirani anayejenga ambaye mawe yake yamepangwa humo. Tuna ukuta wa mawe wa futi nane, na seng'enge ya wembe juu ya upande wa barabara peke yake. Geti la chuma, milango ya chuma, madirisha yote yana vyuma. Kati ya sebule na vyumba vya kulala kuna geti la korido lenye makomeo mawili. Kengele ya kampuni moja imefungwa sebuleni, ile inayolia mtu akipita mbele yake. Nilijua nimemaliza.

Jirani wa ng'ambo ya ile ploti tupu ana kamera inayoona ukuta wetu wa nyuma, na ameniruhusu kutazama. Saa 8:41 usiku watu wanne wanapanda yale mawe ya ujenzi kama ngazi, wanarukia ndani. Saa 8:58 wanatoka palepale, mmoja amebeba televisheni iliyofungwa kwa shuka langu la maua.

Hawakuvunja mlango wowote. Waliweka jeki ya gari katikati ya vyuma vya dirisha la jikoni, wakavipanua taratibu. Jeki haina kelele, na jikoni ni mbali na tunakolala. Kengele ililia saa 8:50, walipokwisha kukanyaga sebule. Hapo ndipo nilipoamka. Waliipiga kwa kitu ikanyamaza. Wakapiga geti la korido teke mara mbili. Mwanangu mmoja alijiziba masikio kwa mto, mwingine akanishika kanga akawa haachi. Nikapiga nduru. Jirani wa kulia ameniambia alisikia vyuma akadhani ni paka juu ya mabati, na nduru yangu akadhani ni ya mbali.

Gari la kampuni ya kengele lilifika saa 9:30. Dakika 40.

Televisheni, tarakilishi, mtungi wa gesi na viatu vya shule vimekwenda. Kituo cha polisi nimepata nambari ya OB, kile kitabu chao cha matukio. Sasa kila mtu ana lake: weka ua wa umeme, leta mbwa, ajiri soja. Fundi mmoja amenipa bei ya kupandisha ukuta hadi futi kumi. Nianzie wapi?

---

SojaWaZamu
Jumapili, saa 4:02 usiku

Pole sana mama. Nimelinda usiku kwa miaka 14, Lavington, Kileleshwa, na sasa South B. Huo ukuta wa futi kumi acha kwanza. Tupige hesabu ya dakika.

Saa 8:41 wako ndani ya ua. Saa 8:50 wako sebuleni. Hizo dakika tisa ukuta wako na vyuma vyako vilifanya kazi yake, viliwachelewesha. Ila wewe ulikuwa umelala, jirani amelala, kampuni haijui. Dakika tisa zikapotea bure. Kengele ilipolia walibakiwa na geti la korido peke yake, na msaada uko mbali dakika 40.

Kengele yako iko mahali pa mwisho, na inafaa kuwa mahali pa kwanza. Ifungwe pale mtu anapogusa ukuta au anapokaribia dirisha, ukiwa bado una chuma, mlango na korido kati yako na yeye. Ungeamshwa saa 8:41 ungekuwa na dakika tisa za kupiga simu na kuwaamsha watu, na wao bado wanahangaika na jeki. Ukitaka kuongeza kitu chochote, jiulize: kinanijulisha mapema, au kinamchelewesha baada ya mimi kujua? Kisichofanya hata kimoja, pesa yake nunulia watoto viatu.

Jambo la pili. Kabla ya siku yao hupima. Hutupa kijiwe juu ya mabati, wasikilize kama kuna taa itakayowaka au mbwa atakayebweka. Mchana huja mtu kuuliza vyumba vya kupanga, au anauza vyombo vya plastiki huku macho yako dirishani. Jaribu kukumbuka wiki mbili zilizopita ni nani alisimama getini.

Na usiku wa mvua kubwa usiuamini. Mvua ya Aprili ikipiga mabati husikii hata geti likigongwa. Sisi wenyewe baada ya saa nane macho huwa mazito, na wao wanajua. Mvua ikianza mimi hutoka kibandani nikasimama chini ya ukingo wa paa, mgongo ukutani, tochi imezimwa. Mtu anayetembea kwenye matope utaona anapoteleza kabla hujamsikia.

---

FundiVyuma_Kariobangi
Jumapili, saa 4:40 usiku

Mama, hicho chuma kilichopanuliwa ukikigonga kwa ufunguo kinatoa sauti gani?

MamaPacha
Jumapili, saa 4:51 usiku

Kinalia kama mkebe.

FundiVyuma_Kariobangi
Jumapili, saa 5:15 usiku

Basi ni chuma kitupu ndani, mraba mwembamba. Kinapendeza kikipakwa rangi, na wateja wanakipenda kwa kuwa ni rahisi. Jeki inakikunja kama mrija.

Jeki inahitaji vitu viwili vya kusukuma na nafasi ya kusukumia. Chuma kirefu kilichosimama kutoka chini hadi juu bila kushikwa katikati, hata kikiwa kinene, kitapinda. Dawa yake ni chuma kizima cha milimita 12 kwenda juu, na vyuma bapa vinavyokingama kila baada ya shubiri moja na nusu. Vile vya kulala vitobolewe, vya kusimama vipite ndani ya tundu, halafu vichomelewe pande zote. Mafundi wengi hugusisha nukta moja tu ya weldi wakafunika kwa rangi. Ukiona nukta, rudisha.

Kingine kikubwa zaidi ni jinsi kinavyoshikamana na nyumba. Vyuma vingi vya dirisha vimefungwa kwa skrubu kwenye fremu. Mtu halazimiki kukata, anang'oa vyote kwa mtaimbo. Vyako viwe na miguu inayoingia ndani ya jiwe kiasi cha inchi nne na kuzibwa kwa saruji.

Na geti la nje, bawaba ziko upande gani? Kama ziko nje, pini inagongwa kwa nyundo inatoka na kufuli lako likiwa limefungwa vizuri kabisa. Chomelea vichwa vya pini leo leo.

---

Babu_Umoja
Jumatatu, saa 12:20 asubuhi

Wanangu, kabla fundi hajachomelea naomba mnisikilize.

Dada yangu alikaa Umoja nyumba ya chini, madirisha yote vyuma, mlango mmoja wenye makufuli mawili. Usiku mmoja stima ilipotea, mshumaa ukashika pazia. Moto ulikuwa kati yao na mlango. Funguo zilikuwa juu ya friji, upande wa moto. Tulisimama nje tukiwaona kupitia dirishani. Nilishika mkono wa mpwa wangu kupitia vile vyuma huku vijana wakivunja ukuta chini ya dirisha kwa mtaimbo na sululu. Walitoka wote. Mpwa wangu sasa ni mtu mzima, bado ana kovu kutoka bega hadi kiwiko.

Vyuma vilivyomzuia mwizi ndivyo vilivyotuzuia sisi. Kwa hiyo mama, dirisha moja la chumba cha kulala liwe na vyuma vinavyofunguka kwa ndani. Ufunguo wake uning'inie kwenye msumari, mahali ambapo mtoto anaufikia na mkono unaoingizwa kutoka nje haufiki. Ufunguo huo usibebwe kwenye mkoba, usifanye kazi nyingine yoyote. Na pacha wafundishwe kufungua gizani.

FundiVyuma_Kariobangi
Jumatatu, saa 1:05 asubuhi

Babu, asante. Nimeifanya kazi hiyo mara nyingi, na nasikitika kwamba huwa ni mteja mmoja kati ya wengi anayeiomba. Kipande kinachofunguka kinakaa kwenye bawaba zilizofichwa ndani, na kufuli linafunikwa kwa kasha la bati nene ili lisifikiwe kwa mkasi wa vyuma. Nguvu ya dirisha haipungui.

---

Binti_Zimma
Jumatatu, saa 7:30 mchana

Sisi wapangaji mtusaidie pia. Naishi bediseta ya chini Zimmerman, siwezi kuchomelea ukuta wa mwenye nyumba. Nieleze nilichofanya, huenda kikamfaa mwingine.

Siku niliyohamia nilibadilisha silinda ya kitasa. Ile ya zamani nimeihifadhi kwenye droo, nikihama nitairudisha. Sikujua wapangaji watano walionitangulia waliacha funguo kwa nani. Usiku naweka kabari ya mti chini ya mlango. Ya kawaida kabisa, seremala alinikatia kwenye mabaki.

Dirishani hapakai kitu. Hapa kwetu wana fimbo ndefu yenye ndoano, wanavua simu na mikoba kupitia vyuma ukiwa umelala umbali wa hatua mbili. Simu yangu inachajiwa ndani ya kabati.

Nikisafiri kwenda nyumbani kijijini siweki picha za safari hadi nimerudi. Mama mboga wa mlangoni ndiye anayejua, na yeye huniwashia taa ya nje jioni.

Shida yetu kubwa ni geti la ploti. Tuko vyumba 24 na kila anayeingia saa nne anasema atakayekuja nyuma yake ndiye atakayefunga. Mwezi uliopita tulichanga tukaweka springi ya kulirudisha geti lenyewe. Hiyo peke yake imetusaidia kuliko kitu chochote tulichowahi kumwomba mwenye nyumba.

---

MtuWaKamera
Jumatatu, saa 2:45 usiku

Nauza na kufunga kamera na ua wa umeme, duka liko Luthuli Avenue. Nitasema ukweli hata kama unaniumiza biashara: kamera peke yake haikuzuii kuibiwa. Mama amepata dakika kamili kutoka kwenye kamera ya jirani, na televisheni haijarudi.

Ukiiweka, rekoda inayohifadhi picha usiiache chini ya televisheni. Wanaijua, wanaondoka nayo. Ifiche darini au ndani ya kabati la nguo. Iwe na betri ya akiba, pamoja na kile kisanduku cha intaneti, maana stima ikipotea vyote viwili vinakufa. Kamera moja iwe usawa wa uso, pale lazima mtu apite. Zilizo juu ya paa zinapiga picha za kofia. Na badilisha neno la siri la kiwandani siku hiyo hiyo. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera na rekoda nyingi mno duniani kwa kujaribu tu yale maneno ya kiwandani. Tena isitazame ndani ya ua wa jirani bila yeye kukubali, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Ua wa umeme watu wanauelewa vibaya. Mashine yake inatuma pigo moja fupi sana kila baada ya sekunde moja hivi. Volti ni maelfu, ila pigo linakwisha kabla halijamdhuru mtu mwenye afya. Anaumia, anashtuka, anaachia. Thamani yake hasa ni ile Soja alisema: waya ukikatwa au ukiguswa na kitu chenye kuushusha, king'ora kinalia akiwa bado juu ya ukuta. Fundi akikufungia waya bila king'ora amekuuzia nusu. Akizika fimbo moja tu ya ardhini kwenye murram kavu ya Utawala, Januari pigo litakuwa dhaifu. Fimbo ziwe kadhaa, zizikwe kina. Na majani yakigusa waya king'ora kitalia ovyo hadi mkizime kwa hasira, na siku hiyo ndiyo watakayokuja.

Kwa mama, kama bajeti ni ndogo, sensa mbili za nje, vile vifaa vinavyohisi mtu akipita, za ukuta wa nyuma na taa za kujiwasha zinatosha kuanzia.

---

Kijana_Ruai
Jumatatu, saa 3:20 usiku

Mnasahau kwamba siku hizi wanapuliza dawa dirishani. Mnalala kama maiti, wanabeba hata kitanda. Kengele itasaidia nini?

Nesi_KahawaWest
Jumatatu, saa 4:00 usiku

Ndugu, nafanya kazi chumba cha upasuaji, niruhusu nijibu hili maana linawavunja watu moyo bure. Kumlaza mtu kwa dawa ya ganzi si kazi ya sekunde. Hata klorofomu ya zamani ilihitaji kushikiliwa puani kwa dakika kadhaa, na kipimo kikizidi kidogo mtu anakufa. Kujaza chumba chenye hewa inayopita kungehitaji dawa nyingi sana, na waliopuliza wangeingia humo humo wakalala wao. Madaktari wa ganzi wa Uingereza waliulizwa jambo hili kuhusu watu wanaoibiwa wakiwa wamelala kwenye magari ya kambi, na chama chao kikatoa taarifa kwamba haiwezekani namna hiyo.

Saa tisa usiku mtu aliyechoka hulala fofofo bila dawa yoyote. Anaamka na kichwa kizito kwa mshtuko. Aliyeamini alipuliziwa hatarekebisha dirisha, kwa kuwa anaona hakuna ambalo lingemsaidia.

---

Shangazi_Ngong
Jumanne, saa 1:15 asubuhi

Mbwa ni mzuri, ila asiachwe nje usiku kucha peke yake. Wangu wawili walitupiwa nyama yenye sumu. Sasa nina mmoja mdogo, analala jikoni, na kelele zake zinasikika nyumba nne. Chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, tafadhali. Na ukutani panda kei-apo. Ni uzio wa mimea wa zamani wa Karen na Lavington, miiba yake inapita kwenye soli ya kiatu, na hauhitaji stima. Ila unataka subira ya miaka.

---

Baba_Kasarani
Jumanne, saa 6:40 mchana

Hao wanne wakishikwa wasipelekwe popote. Tairi na petroli. Ndipo wengine watakapojifunza.

Wakili_Mtaani
Jumanne, saa 8:10 mchana

Baba, naelewa hasira, nami nimewahi kuibiwa. Lakini anayemchoma mtu ana kesi ya kuua, na wako waliochomwa kwa kufananishwa tu. Sheria inakuruhusu kujitetea wewe na watu wako kwa nguvu zinazolingana na hatari iliyo mbele yako. Mtu akiisha kukimbia au kufungwa kamba, hatari imekwisha, na ruhusa nayo imekwisha.

Kosa lenyewe lina uzito wake. Kanuni ya Adhabu ya Kenya inahesabu usiku kuanzia saa 12:30 jioni hadi saa 12:30 asubuhi. Kuvunja nyumba mchana ni kifungo cha hadi miaka 7, usiku ni hadi miaka 10. Wakimtisha mtu kwa silaha au wakimjeruhi ili waibe linageuka wizi wa mabavu, na hilo ni zito zaidi.

Kesi nyingi huanguka kwa kukosa ushahidi. Msifagie wala msifute dirisha kabla ya polisi kuchukua alama za vidole. Andikeni leo nambari za kiwandani za televisheni na tarakilishi, na za simu mkibonyeza *#06#, mziweke nje ya nyumba. Mali ikipatikana bila nambari hamwezi kuthibitisha ni yenu. Nambari za dharura za polisi ni 999 na 112.

---

Mwalimu_Roysambu
Jumanne, saa 3:30 usiku

Mama Pacha, kuna jambo halijatajwa nami naliona la haraka kuliko yote. Nyumba iliyoibiwa ina hatari kubwa ya kuibiwa tena, hasa wiki chache za mwanzo. Wameisha kujua njia, wanajua korido iko wapi, na wanajua utanunua televisheni mpya.

Huko Rochdale, Uingereza, kulikuwa na mtaa wa nyumba za umma uitwao Kirkholt, ulioliwa sana na wezi miaka ya 1980. Watafiti walipochunguza waliona ni nyumba zile zile zinazorudiwa. Basi nguvu wakazielekeza kwa walioibiwa tayari. Waliondoa mita za gesi na stima zilizotumia sarafu, kwa kuwa wezi walikuwa wakivunja mita kuchukua fedha. Wakaimarisha makufuli ya hizo nyumba. Na kila nyumba iliyoibiwa, majirani kama sita wanaoizunguka waliombwa waichunge. Wizi ulishuka sana.

Sita tu, si mtaa mzima. Nyumba Kumi ya mwaka 2013, ule mpango wa serikali wa majirani kulindana, ilikuwa na wazo la karibu na hilo, na kwetu Roysambu ilibaki kundi la WhatsApp lenye watu 200 wanaotakiana asubuhi njema. Mtu akipiga kelele saa nane usiku, simu zote 200 zimezimwa sauti. Wewe tafuta nyumba zinazoona ukuta wako. Ni zipi?

MamaPacha
Jumanne, saa 4:05 usiku

Ni tano. Mmoja wao sijawahi kumsalimia tangu tuhamie hapa.

---

MamaPacha
Wiki tatu baadaye, Jumapili, saa 2:20 usiku

Nimerudi kuwapa habari, maana mlikesha nami.

Kazi ya kwanza haikunigharimu hata shilingi. Nilimwendea jirani anayejenga, akashtuka mwenyewe, siku ile ile vijana wake wakahamisha mawe hatua nyingi kutoka ukutani. Yale majani tulichanga na jirani wawili yakafyekwa. Nikakuta kwangu ngazi ya fundi wa mabati imelala nyuma ya tangi tangu Desemba. Sasa imefungwa kwa mnyororo ndani ya stoo.

Sensa mbili ziko ukuta wa nyuma na king'ora kiko chini ya paa, mbali na mkono. Usiku wa kwanza paka alikifanya kilie mara tatu. MtuWaKamera alinielekeza kwa simu jinsi ya kuziinamisha, tangu hapo kimetulia. Dirisha la jikoni lina chuma kizima chenye mikingamo, miguu imezikwa kwenye jiwe. Ukuta umebaki futi nane vile vile. Ile kampuni nimeachana nayo.

Babu, dirisha la chumba cha watoto linafunguka. Ufunguo una utepe mwekundu. Usiku wa kwanza tulizima taa, nikawaambia wafungue. Mmoja alipapasa ukuta mzima, dakika karibu mbili, akaanza kulia. Tukarudia kila jioni kabla ya kulala. Juzi alitumia sekunde 20 akasema, "Mama, mkono wangu unaujua sasa."

Yule jirani niliyekuwa simsalimii ni mama mjane, halali vizuri usiku. Yeye ndiye alikuwa wa kwanza kukubali. Nyumba tano, kila moja ina firimbi. Mipulizo mitatu mirefu, taa zote za nje ziwake, kila mtu apige kelele akiwa ndani ya geti lake kwanza, hakuna anayetoka peke yake. Mmoja amepewa kazi ya kupiga simu polisi, ili tusidhani mwingine amepiga.

Soja, ulinishauri kwa ujumbe tujaribu saa mbili usiku kwanza. Tulijaribu, dakika tatu watu wako getini. Jana tulijaribu saa 8:41 usiku, bila kuwaambia ni siku gani.

Taa ya yule mama iliwaka kabla sijamaliza mpulizo wa pili. Ya jirani wa kulia ikafuata. Wanaume watatu walikuwa getini kwangu wakiwa pamoja, na rungu na tochi, saa 8:47. Nyumba ya tano haikuamka kabisa, wamehamishia kitanda chumba cha mbele.

Kwa hiyo msaada wangu ni dakika sita. Fundi, yale madirisha uliyonifungia yatastahimili ngapi?

FundiVyuma_Kariobangi
Jumapili, saa 3:00 usiku

Kwa jeki, sidhani kama watapita. Watahitaji grainda, na grainda inaamsha mtaa. Lakini sitaki kukuambia namba ya kubahatisha. Nimebakiwa na kipande cha vyuma vyako, karibu futi mbili kwa mbili, vile vile vilivyochomelewa. Jumamosi nitakifunga kwenye fremu hapa karakana, nitampa kijana wangu jeki na mtaimbo, nawe ushike saa. Njoo na yule jirani wa kulia, dirisha lake la jikoni ni lile la mkebe.

MamaPacha
Jumapili, saa 3:04 usiku

Tutakuja wote watano.